Tonge la Eveline

Kwanza lilikosekana tonge moja. Frida aliweka ugali mezani, mumewe Rabson akaenda kunawa, na aliporudi akakuta umemegwa upande wa kiti kisichokaliwa na mtu. Alama ya dole gumba ilionekana wazi.

"Frida, siku hizi unaanza bila mimi?"

"Mimi nilikuwa jikoni, bwana. Nimege saa ngapi?"

Rabson akacheka. Mtu anayesaga majani ya chai, akayajaza kwenye vidonge na kutangaza mtandaoni kuwa yanayeyusha kitambi, haogopi kirahisi. Mafinga nzima ilijua kuwa angeweza kumuuzia hata mama yake mzazi unga wa mbao, mradi uwe kwenye kichupa kizuri.

Lakini ushenzi wake mkubwa ulikuwa picha za tangazo. Kwenye "Kabla", binamu yake Eveline alicheka harusini, mnene na mwenye afya. Kwenye "Baada" alikuwa Eveline yuleyule, gauni likimpwaya. Picha hiyo ya pili Rabson aliitoa kwenye kundi la simu la ndugu, walipokuwa wakichangishana fedha za matibabu yake. Saratani ya koo ndiyo iliyomkondesha, hata uji haukupita, na sasa alikuwa amezikwa Igowole. Rabson alikikata kitanda cha hospitali kwenye picha, akabakiza tabasamu.

Tangu siku ya lile tonge alikula na kuongeza, lakini suruali zikaanza kumvuka. Nyumba ikanuka chumba cha mgonjwa, uji uliochacha na dawa ya vidonda. Kila alipotia tonge mdomoni alisikia mtu akitafuna karibu na sikio lake, taratibu, kwa raha ya aliyenyimwa chakula muda mrefu, na alipoacha kutafuna ili asikilize, yule mwingine hakuacha, akaendelea kutafuna na kumeza, na kwa kila mmezo Rabson alihisi tumbo lake mwenyewe likizidi kuwa tupu.

"Unaisha, Rabson," Frida alinong'ona akilia. "Utakufa unajiona."

Akamwita Shehe Halfani kutoka Mbeya. Shehe alisoma hadi jasho likamtoka, kisha akaomba aoneshwe lile tangazo. Akalitazama, akasonya.

"Marehemu amelala zake. Hili ni jini, limevaa sura unayoitangaza kila siku, na njaa yake pia. Futa picha. Kisha nenda kwa mama yake, ukapige magoti uombe radhi."

"Nimekuelewa, shehe. Naifuta sasa hivi."

Akaifuta kweli. Harufu ikaondoka, mashavu yakaanza kurudi. Ila Igowole hakwenda, eti barabara ina matope. Wateja nao wakapungua, na Frida alipotoka kwenda sokoni, mpumbavu yule akairudisha picha huku akijipakulia wali.

Frida aliporudi alimkuta amekaa wima mezani, ngozi imeshika mifupa, macho wazi, hapumui. Sahani ilikuwa nyeupe, haina hata punje ya wali. Simu ililia mfululizo mkononi mwake.

Frida akaitazama. Eveline hakuwamo tena kwenye tangazo. "Kabla" alikuwa Rabson mwenye kitambi chake. "Baada" alikuwa Rabson kama alivyokaa sasa, kwenye kiti kilekile, na shati lilelile. Lilikuwa tangazo lake la kwanza la kweli, na wateja walilipenda.

"Jamani, huyu kapungua kweli!" mmoja aliandika. "Mnafikisha mpaka Igawa?"

Frida akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Kutoka kwenye kile kiti kitupu, mtu aliyeshiba akapiga mbweu.