Kamera ya Shangazi na Sikio la Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Chiriku alifagia sebule, akaosha vikombe, kisha akamwagilia maua ya mama yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi hiyo alifagia kimya kimya. Alikuwa na mafua tangu juzi, pua imeziba kabisa, naye hakutaka mtu ajue.

Shangazi yake, mwalimu wa kuzamia, alikuwa amekaa kibarazani na kamera mpya ya kupigia picha chini ya maji. Kesho angesafiri nayo kurudi kazini. Leo ilikuwa zamu ya Chiriku kushuka naye hadi kwenye jiwe alikoishi pweza na kumpiga picha pweza huyo. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu shule zifungwe.

"Njoo uone," alisema shangazi, akifuta taratibu mpira mweusi unaozunguka mlango wa kasha la kamera. "Unywele mmoja tu ukibaki hapa, maji yanaingia, na kamera ndiyo kwaheri. Huna mafua wala kikohozi, mwanangu? Pua ikiziba, kina cha maji huumiza masikio."

"Sina, shangazi. Mzima kabisa."

"Mbona sauti imenenepa?"

"Usingizi tu huo."

Shangazi akacheka. Walipofika ufukweni alimvisha mtungi wa hewa, akavijaribu vifungo vyote mara mbili.

Wakashuka polepole wakishika kamba iliyoning'inia kutoka kwenye boya. Kelele za juu zikazimika. Ikabaki sauti ya pumzi, na mapovu yaliyopanda kama shanga zilizokatika uzi. Mwanga ulitandaza wavu wa dhahabu mchangani. Samaki wadogo walipita bila haraka, kama watu walio ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Chiriku alisahau kama ana mwili.

Sikio likamkumbusha. Kwanza lilibana, halafu likachoma. Shangazi akageuka na kukutanisha kidole gumba na cha shahada, akafanya duara. Hiyo ndiyo ishara ya wazamiaji ya kuuliza: uko salama? Chiriku aliliona jiwe pale chini, na mkono mmoja wa pweza ukichungulia. Akajibu kwa duara.

Waliposhuka kidogo tena, maumivu yakawa kama sindano. Machozi yakamjaa ndani ya miwani. Akalitazama jiwe, akamtazama shangazi. Mwishowe akanyoosha kiganja, akakitikisa, akagusa sikio.

Shangazi hakumtazama pweza hata mara moja. Alimshika mkono, wakapanda taratibu hadi jua likawapiga usoni.

"Mafua haya yameanza lini?"

"Juzi," Chiriku alisema huku akilia. "Nilijua ukisikia utaniacha."

Shangazi hakufoka. Alimpangusa kamasi kwa kitambaa chake mwenyewe. "Hata mimi nimekosa. Tangu asubuhi Chiriku hapigi kelele, nami nikaona masikio yangu yamepata nafuu!"

Wakaenda kliniki. Muuguzi alilimulika sikio, akasema limevimba kidogo tu. Akampa dawa na kumkataza kuzamia mpaka apone kabisa.

Alasiri, shangazi alimrudisha ufukweni. "Maji ya magotini hayaligusi sikio," alisema.

Chiriku akainama, kichwa juu, mikono na kamera ndani ya maji.

"Usimkimbize samaki. Tulia, mchanga utue. Bonyeza nusu, subiri, kisha malizia."

Picha ya kwanza ilikuwa mchanga mtupu. Ya pili, kidole chake mwenyewe.

"Huyu samaki gani?" shangazi aliuliza.

"Anaitwa gumba," Chiriku akajibu, na wote wakacheka.

Katika picha ya kumi na moja, samaki mdogo alikuwa amekuja mwenyewe mbele ya kioo, mwanga umetandaa mgongoni mwake.

"Na pweza?" Chiriku aliuliza.

"Tutamtafuta likizo ijayo, ukiwa mzima. Ila sikiliza, mwanangu. Kule chini sisikii sauti yako. Najua hali yako kwa mkono wako tu. Uliponipa duara la uongo, uliniacha kipofu. Ulipotikisa kiganja, ulijiokoa. Ukiumwa, sema mapema, hata kama kusema kutakunyima kitu ulichokitamani sana."

Chiriku aliyatazama maji yakitulia miguuni pake.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "koo nalo linaniwasha."

Shangazi akaipokea kamera, akamshika bega. "Ahsante kwa kuniambia. Twende nyumbani ukanywe kitu cha moto."