Futeni Viatu

Haya yalimpata jirani yangu Enid, mjane anayewatembeza wageni katika mji wa Norwich, Uingereza, na vijiji vya jirani akiwasimulia mambo ya kale. Chama cha waongoza watalii kilimwambia wazi: Alhamisi hii asipopata hata mtu mmoja, matembezi yake yanafutwa. Na ukiniondoa mimi, Enid hana mwingine wa kuzungumza naye, nami si mvumilivu.

Hakuja mtu.

"Twende nyumbani, shoga," nilimwambia. "Utawahutubia kunguru?"

"Kunguru hawapigi miayo kama wewe," akajibu, akashika njia; mimi nikarudi nyumbani.

Ilikuwa Januari, giza linaingia mapema, na ardhi imeganda kama jiwe chini ya theluji. Alisimulia peke yake njia nzima mpaka kanisa la kijijini. Mlangoni akasema, kama anavyosema siku zote, "Jamani, futeni viatu," akaingia.

Nyuma yake akasikia soli ikikwaruza kwenye chuma cha kufutia matope. Ikafuata nyingine, na nyingine, kwa zamu.

Kulipotulia alirudi mlangoni akamulika tochi. Juu ya theluji palikuwa na nyayo zake tu. Lakini kile chuma kilijaa matope mabichi, na bado yalikuwa yanachuruzika.