Mlio wa Gurudumu la Ardith

Haya sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu. Yalimpata shemeji yangu Wendell, mume wa dada yangu Ardith, na nusu yake niliyaona kwa macho yangu haya. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi zamani nilikuwa mtu wa kucheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Vuli ilikuwa imeingia hapa Larkin, miti ya mlimani imegeuka njano, na kila mwanamume wa Montana alikuwa anamdanganya mkewe kuhusu bei ya bunduki. Nilikuwa kwenye duka langu la baiskeli nanyoosha rimu ya gurudumu la mchungaji wetu, anayegonga kila jiwe la wilaya kisha akaniombea mimi nijaliwe subira. Wendell akaingia, akavua kofia, akaniangalia kutoka huko juu kwenye dari anakoishi.

"Kigingi, bado hujarefuka?"

"Nakusubiri wewe ufupike, shemeji. Uzee hauko mbali."

Mimi ni mfupi, sifichi. Mji mzima hakuna mtu mzima mwingine anayekalia siti ya baiskeli iliyo chini kama yangu, na Wendell hajawahi kuniacha nikasahau. Lakini ule ulikuwa utani wake wa kwanza tangu tumpoteze Ardith, na moyo wangu ulifurahi hadi nikamwaga kahawa.

"Nataka baiskeli ya kuwindia," akasema.

"Chukua hii ya umeme. Inapanda yenyewe, wewe unakaa tu kama mfalme."

"Geti la msitu haliruhusu mota, Marlys. Unataka nikalale ndani?"

"Angalau ungepikiwa."

Tukachagua moja yenye fremu nzito na matairi mapana. Nikamfungia breki za diski kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, maana kupanda mlima ni shida ya mapafu, lakini kushuka na nyama ya kulungu nyuma yako ni shida ya marehemu. Bunduki nikaitafutia kishikio mbele, kwenye usukani. Mtu akianguka na bunduki mgongoni huvunja uti. Dawa ya kupulizia dubu nikaiweka pale mkono unapofika bila kutafuta. Kila chuma kilichong'aa nilikizungushia utepe wa kitambaa mweusi. Kisha nikampimia siti, nikaweka alama kwenye bomba lake kwa rangi ya kucha, nyekundu, kama ninavyomwekea kila mteja. Chupa ile ya rangi ilikuwa ya Ardith.

"Gurudumu la nyuma liwe kimya," Wendell akasema. "Kimya kabisa."

Nalo si ombi geni. Ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli ikawa inateleza yenyewe, gurudumu la nyuma hulia tik-tik-tik. Ukikanyaga, linanyamaza. Wawindaji wanauchukia mlio huo, na kuna vitovu vya gurudumu, pale spoku zinapokutana, visivyo na meno ndani, havilii hata uviteremshe kutoka mbinguni.

"Sawa. Wanyama wasikusikie."

"Wanyama?" Aliangalia mikono yake. "Mimi ndiye nataka kusikia."

Hapo utani ukaisha. Nilijua anasema nini, kwa sababu mji mzima unajua. Ardith alipenda baiskeli yenye kelele. Aliniambia nimfungie gurudumu linalolia kuliko yote, ati dubu wajue bibi mwenye nyumba anapita. Vuli ya mwaka juzi, yeye na Wendell waliangusha kulungu juu, kwenye barabara ya zamani ya magogo, ng'ambo ya geti. Wendell akafunga nyama kwenye tela la baiskeli yake. Ardith alikuwa anakaza kamba za begi lake, akamwambia, "Tangulia, nakuja." Akatangulia. Njia nzima ya kushuka alisikia tik-tik-tik nyuma yake, karibu kabisa. Alipiga stori na mlio ule. Alimlaumu kwa kelele zake, akacheka peke yake. Hakugeuka hata mara moja, kwani mtu unageukia nini sauti ya mke wako? Alipofika getini ndipo akageuka. Barabara ilikuwa tupu, na mlio ukakatika pale pale.

Walitafuta kwa mbwa na kwa helikopta hadi theluji ikafunga mlima. Hawakuona baiskeli, wala kiatu, wala unywele. Makaburini kuna jiwe lenye jina lake, na chini yake hakuna kitu. Wendell hupeleka maua kwenye udongo mtupu.

"La mwisho ni tela," akasema. "Lile refu."

"Refu la nini? Kulungu si unamkata vipande?"

"La kulaza mtu, Marlys."

Nilishika kaunta. Nilichukua tela refu kuliko yote, nikalifunga, na siku msimu ulipofunguliwa nikafunga duka na kwenda naye. Ardith alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wake.

Tulipita getini mchana kweupe, jua limewaka, tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka. Ndani ya tela kulikuwa na blanketi la kitandani kwao, limekunjwa vizuri. Bunduki haikuwa na risasi. Tulipanda polepole, tukakanyaga, tukahema. Baiskeli yake ilikuwa kimya, na yangu niliifungia kitovu kama kile kile. Tulipumzika kwenye kijito, tukala mkate wa nyama kavu. Wendell akaniambia nikikanyaga naonekana kama kuku anayefukua. Nikamwambia kuku ana akili, haendi mlimani na wajinga. Ilikuwa siku nzuri, Mungu anisamehe.

Baada ya kijito mlima unasimama wima. Pale hakuna wa kuteleza. Ukiacha kukanyaga, unaanguka. Nilikuwa nyuma ya Wendell, naangalia blanketi linavyoruka ruka.

Nikasikia.

Tik-tik-tik-tik.

Nyuma yangu.

Nataka unielewe. Mlio ule ni wa baiskeli inayoshuka. Baiskeli inayopanda hailii. Haiwezi. Mtu anayepanda anakanyaga, na anayekanyaga yuko kimya. Na huu mlio ulikuwa unapanda. Ulikuwa unatufuata kwa kupanda, kwa raha, kama mlima kwake umegeuzwa.

Wendell akasimama. Hakugeuka kwanza.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia."

"Ni yeye?"

Mimi ndiye niliyefunga gurudumu lile. Nilijua mlio wake kama ninavyojua kikohozi cha mama. Nilitaka kusema hapana.

"Ni lake," nikasema.

Basi akageuka. Alijiapiza kwa miaka miwili kwamba safari hii atageuka, na akageuka. Nikamwona uso unafunguka. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile, na sitaki kumwona tena. Machozi yalimtoka hadi kidevuni.

"Usiogope, shem," akaninong'oneza. "Yuko nyuma yako. Amechoka tu. Tangulia wewe, tunakuja."

Nikatupa jicho nyuma, juu ya bega. Chini kwenye kona, katikati ya miti, niliona rangi ya chungwa. Kizibao. Kilisimama tuli. Mlio ulikuwa wa gurudumu linalokimbia mno, na kile kizibao hakikusogea hata kidogo. Juu ya kola sikuona kitu cha kukuelezea.

"Wendell, twende. Twende pamoja."

"Njia ni nyembamba, na mimi nina mzigo wa kuchukua." Tayari alikuwa analikunjua blanketi. "Tangulia, Marlys."

Ili kushuka ilibidi nipite ile kona. Nilifumba macho. Nilipofumbua, nilikuwa nimeshapita, na sikuona mtu.

Kisha mlio ukaanza nyuma yangu.

Tik-tik-tik.

Nikasema, wanakuja. Baiskeli ya Wendell hailii, ni haki yake kutosikika. Ya Ardith inalia. Maadamu inalia, wako pamoja, wanakuja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, mimi niliyejua kisa kizima, mimi niliyemlaumu yule bwana moyoni kwa miaka miwili kwa kutogeuza shingo. Nami sikugeuza. Niliogopa nitageuka nisione mtu. Niliogopa zaidi nitageuka nikaona.

Nilivuka kijito. Tik-tik-tik. Nilipita magogo yaliyooza. Ulikuwa karibu. Kuna wakati ulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia na pumzi.

"Wendell?" nikaita.

Tik-tik-tik.

"Dada?"

Mlio ukaongeza mwendo kidogo, kama mtu aliyefurahi kuitwa.

Nikafika getini. Nikashika chuma kwa mikono yote miwili. Nikageuka.

Barabara ilikuwa tupu. Kimya.

Askari walisoma matope kabla ya theluji kuanguka. Waliona alama za baiskeli mbili na tela zikipanda. Waliona za baiskeli moja ikishuka, yangu. Pale mlima unaposimama, alama za Wendell na tela lake zilikatika katikati ya njia, na zaidi ya hapo matope yalikuwa laini kama unga. Waliniuliza maswali mengi. Niliwajibu ukweli, na wakaniletea maji ya kunywa na kuniambia nipumzike.

Sasa kuna mawe mawili makaburini na maua napeleka mimi.

Ningeishia hapo. Ila wiki iliyopita, asubuhi, nilifika dukani kufungua. Theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanguka usiku, safi, haijakanyagwa hata na paka. Baiskeli ya Wendell ilikuwa imeegemea mlangoni. Fremu ile ile, breki zile zile, utepe wangu mweusi. Tela halikuwepo. Kwenye theluji hakukuwa na alama yoyote ila za viatu vyangu.

Niliiingiza ndani nikalizungusha gurudumu la nyuma. Likalia. Tik-tik-tik. Nikakifungua kitovu kwa mikono yangu. Ndani hakina meno, hakina chochote cha kulia, ni mafuta tu kama nilivyoyaweka.

Kisha nikaona siti. Ilikuwa imeshushwa. Alama niliyomwekea Wendell ilikuwa imezama ndani ya fremu. Ardith naye alikuwa mrefu, haikuwa yake. Ilikuwa imeshushwa chini sana, na pale ilipokazwa kulikuwa na alama mpya ya rangi ya kucha, nyekundu.

Niliigusa. Ilikuwa mbichi.

Nikaipanda, nimeshika ukuta. Miguu ilifika sawasawa.

Sijaenda. Mchungaji ameniambia niichome moto, na nimemwambia sawa. Mjini hapa sina tena mtu wa kuniita Kigingi, na jioni duka linakuwa kimya mno. Jana nilijikuta naitia upepo matairi.