Joto la Nyakerario

Laptopu ya Janefer ilianza kuchemka Jumatatu saa nne asubuhi, na wala haikuwa imepewa kazi ngumu. Ilikuwa inaandika mambo ya mazishi tu.

Sisi watu wa Kapsoit tukisikia habari ya majini tunacheka, tunasema hayo ni ya Mombasa. Haya, cheka. Mimi nauza viatu mlango wa pili kutoka kwa Janefer, na nilichonusa nilikinusa.

Janefer ana kibanda cha kuchapisha. Laptopu moja, printa moja. Wiki hiyo babake, Mzee Joab Ombui, alikuwa amefariki, na baba yake mdogo, Ogoti, akamletea wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa kalamu. Ati apeleke kwingine kwa nini, na mtoto wa nyumbani yupo? Janefer akasoma. Mzee ameacha mjane mmoja, Jerusa, na watoto watano, wote wa Jerusa. Nyakerario, mama yake Janefer, mke wa kwanza, marehemu sasa, aliyechuma chai miaka kumi na minane akalisha lile boma kabla Jerusa hajaijua hata njia ya kwenda huko, hakuwamo. Janefer mwenyewe hakuwamo. Na huku kwetu kila mtu anajua, wasifu ukishasomwa kaburini mbele ya chifu na pasta, asiyetajwa hana kwao. Shamba likigawanywa, atamuuliza nani?

"Baba mdogo, mama yangu hayuko hapa," Janefer alisema kwa sauti ya chini.

"Andika vile iko kwa karatasi. Usiongeze, usipunguze."

Ningekuwa mimi, ningemtupia hiyo karatasi usoni. Lakini Janefer alilelewa kunyamaza. Akaandika.

Alipofika kwenye "mjane mmoja", feni ikaanza kuvuma. Mashine ikapata moto mpaka akaondoa viganja. Akaiinua kwa vifuniko vya soda, akafungua dirisha, akaipepea kwa gazeti. Ikazima. Akaiwasha, akaandika barua ya mteja mwingine, ikawa baridi kabisa. Akarudi kwenye wasifu, ikachemka. Ndipo harufu ikaja. Majani mabichi ya chai ukiyashindilia kwenye gunia yanapata joto yenyewe, yanakuwa mekundu, na yana harufu yake, tamu na ya kuoza kidogo. Kila mchumaji anaijua, na mama yake Janefer alikuwa akimwonya tangu mdogo asiyabane. Sasa ilikuwa inatoka kwenye matundu ya laptopu.

Jumanne akamwita Njuguna, fundi wa kompyuta. Njuguna alifungua kifuniko cha chini kwa bisibisi. Feni ilikuwa imezungukwa na nywele. Nywele ndefu, nyeusi, zimelowa. Janefer hunyoa kichwa chote, na fundi alimtazama kichwa hicho mara mbili kabla ya kuuliza ni za nani.

Akazitoa, akasafisha, akafunga. Janefer akafungua wasifu, na kabla hajagusa chochote feni ikaanza kupumua, si kuvuma, kupumua, kama mtu anayepanda mlima na kikapu kimejaa mgongoni, na ile harufu ikajaa kibanda, ikatoka nje, ikanifikia mimi kwenye viatu vyangu, na pale kwenye kioo herufi za ule mstari wa mjane mmoja zikaanza kufutika moja moja, bila mkono wa mtu, mpaka mstari ukabaki mtupu na kile kialama kidogo kikawa kinapepesa tu, kinapepesa, kinangoja.

"Mimi hutoa vumbi," Njuguna alinong'ona. "Hii ongea nayo wewe."

Akaondoka. Bisibisi aliiacha mezani na mpaka leo hajaifuata.

Janefer alikaa. Alisema baadaye kwamba woga ulimwisha ghafla, akashikwa na hasira. Alikumbuka kaburi la mama yake nyuma ya jikoni, jinsi Jerusa alivyolipandia chai, na yeye hakusema neno. Akafungua ukurasa mpya, akaandika wasifu upya. Mke wa kwanza, marehemu Nyakerario. Binti yake, Janefer. Mashine ikapoa kama maji ya mtungi, akachapisha nakala mia mbili.

Jumatano Ogoti alikuja, akasoma moja, akaichana.

"Nitumie ile ya kwanza kwa simu. Nitaisoma mwenyewe."

Ile ya kwanza bado ilikuwepo, kama ilivyohifadhiwa kabla ya mstari kufutika. Janefer akamgeukia.

"Una hakika, baba mdogo?"

"Tuma."

Akatuma. Alijua anachotuma.

Alhamisi saa saba mchana, jua likiwaka, Ogoti alisimama kando ya kaburi la Mzee na kipaza sauti mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nilikuwa nimesimama karibu. Alianza vizuri, ukoo, kubatizwa, kazi. Kisha ile harufu ikapanda kutoka kwenye michai ya nyuma ya jikoni, na wanawake waliowahi kuchuma wakageuka wote pamoja. Ogoti akatokwa na jasho. "Ameacha mjane," akasema, akakwama. Alijaribu kuitupa simu na vidole vikakataa kufunguka, akaitikisa, akasema tena "mjane", na sote tukaona kiganja kikifuka moshi.

"Nyakerario," alilia kwenye kipaza sauti. "Mke wa kwanza ni Nyakerario. Janefer ni mtoto wa hapa."

Simu ikaanguka. Chifu alisikia, pasta alisikia, nasi tulisikia. Janefer aliiokota, ikiwa baridi, akavuta unywele mmoja mrefu uliokuwa umenasa hapo, akamrudishia Ogoti simu yake kwa mikono miwili, kwa heshima.

Kiganja cha Ogoti hakijapona vizuri. Michai ile juu ya kaburi la Nyakerario imeng'olewa, na Jerusa aliing'oa kwa mkono wake. Ugawaji wa shamba ni mwezi ujao. Nilimuuliza Janefer kama alishaufuta ule wasifu wa kwanza kwenye laptopu.

"Bado," alisema. "Na baba mdogo anajua sijafuta."