Nukta Nyekundu ya Kiseke

Ndoo ya maji ya sangara ilimwagikia gauni la Amondi katikati ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mbele ya wachuuzi wa dagaa waliokuwa hawana habari mpya tangu asubuhi. Gauni lilikuwa jeupe, la vifungo vyeusi, na ndiyo kwanza linavaliwa. Aliyemwaga alikuwa kijana mrefu mwenye buti za mpira na koti la wakaguzi wa samaki.

"Dada, samahani sana. Sikukuona."

"Hukuniona? Mimi na urefu huu?"

"Nilikuwa naangalia samaki."

"Basi endelea kuwaangalia." Amondi aliinama, akaishika ndoo iliyokuwa miguuni pa mama muuza sato, akammwagia kijana yote kuanzia shingoni.

Soko zima lilishangilia. Kijana alijifuta macho, akamtazama msichana aliyesimama mbele yake bila kukimbia, kisha akaanza kucheka.

"Nani kakufundisha kulipiza haraka hivi?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimezaliwa nayo."

"Naitwa Machibya."

"Amondi. Na gauni utalifua."

Alilifua kweli, akalirudisha limepigwa pasi, na mapenzi yakaanzia hapo. Mimi simlaumu Amondi kwa tabia yake. Wapo watu wa kusamehe papo kwa papo, na mama yake hakumzaa kuwa mmoja wao.

Mwaka ulikuwa 1999. Amondi, Mjaluo wa Shirati, alikuwa msimamizi wa intaneti kafe iliyokuwa ghorofani mjini Mwanza, juu ya duka la vitambaa. Jiji lilikuwa limefunguka: redio za binafsi, bia za kila nembo, mitumba hadi mlangoni. Na sasa intaneti, iliyopita kwenye waya uleule wa simu, hivi kwamba kafe ikiwa mtandaoni simu yake haipatikani. Machibya alijua kwamba akitaka kuisikia sauti ya mpenzi wake apige saa saba mchana, walipokata mtandao ili watu wale chakula.

Amondi alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, shajara aliyoiandika kila siku: bei ya sato, mteja aliyetaka kompyuta imtafutie mke, mawingu juu ya Ziwa. Shajara hiyo ilikuwa na faili dogo pembeni lililobeba vichwa vya habari peke yake. Tovuti moja ya Watanzania walioko ughaibuni, iitwayo Ukumbi wa Nyumbani, ilikuwa ikija yenyewe kila saa kulichungulia faili hilo, ikiona kichwa kipya inakichukua na kukitundika kwake, na tovuti nyingine zinakichukua kutoka hapo. Ukumbi ulikuwa pia na ramani. Mwenye shajara aliweka juu ya ukurasa wake mstari mmoja uliojificha, wenye latitudo na longitudo ya mahali anapoandikia, na ramani ikamwekea nukta nyekundu.

"Kwa hiyo mtu wa Ulaya anaona ulipokaa?" Machibya aliuliza siku moja, kidevu chake kikiwa begani mwa Amondi.

"Anaona mtaa. Kidevu chako hakioni."

"Nifundishe na mimi."

"Rahisi, mpenzi. Usianze na karatasi tupu. Fungua ukurasa wa mwenzako, tazama utumbo wake, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma yake, nakili wote, kisha badilisha maneno uweke yako. Mwanza nzima tumejifunza hivyo."

Hivyo ndivyo alivyowafundisha wote, akiwemo Queen wa mtaa wa Kiseke. Queen alikuwa binti wa suruali za kubana na nywele za rangi ya shaba, na alipocheka pale kafe, wanaume walikosea kuandika anwani zao. Amondi alimfundisha kwa sababu ni kazi. Kumpenda hakukuwa kazi yake.

Mwezi wa tisa Machibya alipelekwa Bukoba kwa miezi mitatu, kusimamia kituo kipya cha kupokelea samaki. Siku ya kuondoka walisimama bandarini, Machibya amevaa shati la kijani alilonunuliwa na Amondi.

"Nikirudi, Baba na wazee wa kwetu Usagara wanakwenda Shirati kwa mama yako. Ng'ombe wa mahari wameshachaguliwa."

"Ukichelewa nitaolewa na mwenye meli."

"Mwenye meli ni serikali."

"Basi nitaolewa na serikali. Panda, wanakuita."

Wiki za kwanza simu zilikuja kila saa saba. Kisha zikaanza kuruka siku. Mchana mmoja Amondi aliifungua ramani ya Ukumbi kuangalia wageni, akaona nukta mpya. Ilikuwa Kiseke, imelala juu ya nukta ya Queen kiasi cha kugusana. Akaibonyeza. Ukurasa ulifunguka polepole, mstari baada ya mstari, na juu kabisa jina likajitokeza: Machibya.

Ulikuwa na maneno machache. "Nimeamka vizuri. Mwenyeji wangu amenipikia ndizi, ananitunza kuliko ninavyostahili. Kuna jambo kubwa naliandaa, bado ni siri."

Amondi alisoma, akasoma tena. Mtu mwenye utulivu angejiuliza ni nani Kiseke anayemwamsha mgeni kwa ndizi za kupika, chakula cha Bukoba. Hasira ilimjibu kwamba ndizi hata Mwanza zinauzwa.

Saa saba simu ililia.

"Mpenzi wangu, hujambo?"

"Uko wapi?"

"Bukoba. Nitakuwa wapi tena?"

"Hali ya hewa?"

"Mvua tangu asubuhi. Hunisikii vizuri?"

Amondi aligeukia dirishani. Mwanza nayo mvua ilikuwa inamwagika.

"Nakusikia vizuri sana," alisema. "Na Queen je, unazo habari zake?"

Machibya alikuwa na siri ndogo, na alikuwa mwongo mbaya. "Queen? Queen yupi? Hapana. Kwa nini?"

"Basi tu. Kula vizuri. Kula ndizi."

Aliweka simu chini, akaurudisha mtandao kabla wateja hawajamaliza chakula, akaketi na kuandika. Hakulia. Kulia kungemchelewesha. Kichwa cha habari alichokiandika kilikuwa hiki: "Machibya mwana wa Shimba wa Usagara, aliyeaga kwamba anakwenda Bukoba, yupo Kiseke kitandani kwa Queen. Ramani inamwonyesha." Alibonyeza kutuma, akatabasamu, na kwa muda wa saa moja hivi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kanda ya Ziwa.

Ukumbi ukaja ukakichukua. Kaka yake Machibya, Luhaga, aliyekuwa akisoma Denmaki, alikikuta kesho yake kati ya habari za mpira na za bajeti. Alipiga simu dukani pale njia panda ya Usagara, Mzee Shimba akaitwa kutoka zizini, akaelezwa. Mzee hakuuliza kompyuta ni nini. Alielewa kwamba jina lake limetajwa pamoja na kitanda, mbele ya watu wa Ulaya. Siku hiyohiyo aliwatumia wazee wenzake ujumbe: safari ya Shirati haipo.

Queen alipanda ngazi za kafe siku ya tatu, nywele zimefungwa kitambaa, macho mekundu. Hakutaka kiti.

"Nina mchumba kule Nyakato, Amondi. Nilikuwa naye. Sasa hivi hapokei salamu yangu. Nilikukosea nini?"

"Muulize Machibya, mko naye."

"Machibya yuko Bukoba! Kaniandikia barua pepe kutoka huko, kaniomba ukurasa wangu aunakili. Akaniomba nisikuambie, eti anataka kukushtua. Nikaona ni mapenzi, nikampa." Queen alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Wewe si mwalimu wetu? Ufungue utumbo wa ukurasa wake uone. Umefungua?"

Amondi hakuwa ameufungua. Aliufungua sasa, kafe yote ikitazama. Machibya alikuwa amebadilisha maneno yote yanayoonekana, kama alivyofundishwa. Yaliyofichika aliyaacha, na kati ya hayo kulikuwa na mstari wa mahali wa Queen, wa nyumbani kwao Kiseke, mzima kama ulivyokuwa.

"Mungu wangu," alisema Amondi.

"Mungu wako hakukuambia uandike," alisema Queen, akashuka ngazi.

Kichwa cha habari alikifuta palepale. Kwake kilifutika. Kwenye Ukumbi kilibaki, na kwenye tovuti nyingine tatu zilizochota kutoka Ukumbi kilibaki pia, moja ikiwa imekinogesha kwa herufi kubwa. Aliandika kukanusha, akawaandikia wenye tovuti kwa kuomba. Mmoja alijibu kwamba ataangalia. Amondi aliogopa kwa mara ya kwanza, akajua anachokaribia kukipoteza. Hakikuwa jina lake. Kilikuwa Machibya.

Machibya alishuka melini bila kumwarifu. Alisimama mbele ya kaunta na shati lilelile la kijani, lakini uso haukuwa ule.

"Machibya, nisamehe. Nimeshafuta, nimeandika..."

"Nimeona ulichoandika. Baba yangu hajaona, hana kompyuta." Alisema polepole, na alikuwa amekusudia kila neno liume. "Kunichafua ulitumia mtandao. Kunisafisha utatumia mdomo. Jumamosi, Usagara, mbele ya wazee. Ukitaka. Usipotaka, kwaheri."

"Unanilipiza."

"Ndiyo. Nani alinifundisha?"

Jumamosi Amondi alivaa gauni refu la bluu, kilemba, na kanga kiunoni. Uani kwa Mzee Shimba palikuwa na wazee wameketi, na Selina, mama yake Machibya, alikuwa amekaa mlangoni bila kumkaribisha ndani. Amondi alipiga magoti chini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sema ulichojia."

Alisema. Alipofika kwenye mstari wa mahali, wazee walianza kutazamana, naye akaona uchumba unamponyoka kwa sababu ya latitudo. Akatazama zizi.

"Baba, ni kama ng'ombe uliyemnunua kwa jirani, hujamtia chapa yako. Akionekana njiani, watu watasema ni wa jirani. Machibya alichukua ukurasa wa Queen, akasahau kufuta chapa. Mimi niliiona chapa, nikapiga yowe la mwizi. Sikuuliza."

Wazee wote waliguna. Hilo walilielewa kuliko Machibya mwenyewe.

"Anayepiga yowe la uongo hapa kwetu," alisema Mzee Shimba, "hutozwa."

"Nitozeni."

Machibya alikuwa ameisubiri saa hiyo tangu Bukoba. Alitaka amwone chini, na sasa yuko chini, vumbi limeshika gauni la bluu, na raha aliyoitarajia haikuja. Ilikuja aibu, ya kwake mwenyewe.

"Baba, inatosha," alisema.

"Haijatosha," Amondi alimkata, bado amepiga magoti. "Na mimi nina langu, mbele ya wazee. Nilimuuliza kwa simu kama ana habari za Queen, akasema Queen yupi. Alikuwa ananificha nini?"

Mzee Shimba alimgeukia mwanawe. "Jibu."

"Nilitaka... nilitaka kuandika kwenye ukurasa huo kwamba naomba anioe. Yaani nimwoe. Watu wote waone. Nikamdanganya ili nisiharibu, nikaharibu."

Selina ndiye aliyecheka kwanza. Akanyanyuka mlangoni, akamshika Amondi mkono na kumwinua.

"Basi sema sasa," baba aliamuru. "Ulimtaka atumie mdomo. Nawe tumia wako."

"Amondi, naomba nikuoe."

Amondi alijipangusa vumbi magotini taratibu, goti moja, kisha la pili. Alikuwa anampenda kupita kiasi, na hakuwa na haraka yoyote.

"Nitakujibu Shirati," alisema. "Ukiwa chini, mbele ya mama yangu. Na utamweleza yote, tangu mwanzo."

Wazee wa Usagara walifika Shirati mwezi wa kumi na mbili, na kabla ya hapo aliyetumwa Nyakato kumwomba radhi mchumba wa Queen alikuwa Amondi mwenyewe, maana hiyo ndiyo faini aliyotozwa. Machibya aliketi sakafuni kwa Mama Agutu, mama yake Amondi, miguu imemfa ganzi, akaeleza mtandao, akaeleza nukta, akaeleza ndizi za bibi wa Kihaya aliyempangisha chumba Bukoba. Amondi alikuwa amekaa kwenye kochi, gauni jipya la njano, hamsaidii hata neno moja. Kila Machibya alipokwama, alimwambia, "Endelea."

Mama Agutu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imepumzika mapajani. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na huyo Queen, ni mzuri?"

Machibya alifungua kinywa. Akamtazama Amondi. Akakifunga.

"Mchukue, mwanangu," Mama Agutu alimwambia binti yake. "Ameshajifunza."