Waya Zilizorudishwa

Haya yalimpata Masha, rafiki yangu wa Timbwani. Mitego yake ya waya ya kunasia kanga iliibwa kichakani. Desturi ni kutangaza wizi kwanza, mwizi apate kurudisha. Masha akaona huko ni kumbembeleza mwizi, akazika pale fingo, dawa ya uganga ya kumnasa, kimya kimya.

Jioni akarudi kuangalia. Chini ya miti giza lilishatanda. Akasikia waya zikikwaruzana.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, kaka. Nakurudishia." Sauti ya Kaviha, mdogo wake.

Waya zilikuwa zimetundikwa mtini, mtu hakuna.

Nyumbani akamkuta Kaviha kitandani.

"Tangu asubuhi hajainuka wala hajatamka neno," mama yao alisema.

Masha akasogeza taa. Shingoni mwa Kaviha palikuwa na alama nyembamba ya waya, nayo ilikuwa ingali ikizama.