Nilimkaba Zihindula Kwenye Foleni ya Unga

Nilimkaba shingo mbele ya watu wote, kwenye foleni ya unga pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Ndoo yake ikaanguka, unga ukamwagika... nikapiga kelele:

"Huyu njo aliua mutoto yangu!"

Zihindula hakujitetea. Alinitazama tu, mkono wake wa kushoto umepinda vilevile.

Mkono ule, ndugu zangu, ulivunjwa kwa sababu yangu. Tulieni niwasimulie.

Mwaka 1994 mimi Sylvain nilikuwa fundi wa injini za boti kwetu Bukavu, mji ulio kando ya ziwa. Zihindula alikuwa nahodha wa boti ya abiria, rafiki yangu wa kula sahani moja. Asubuhi moja nilimbadilishia filta ya mazuti, yaani dizeli. Nikajaribu injini... safi, hakuna hata tone! Nikampandisha binti yangu Fortunée, miaka tisa, aende kwa bibi yake kisiwani Idjwi.

Hakufika.

Katikati ya ziwa, paipu linalovuta maji ya kupoza injini lilichomoka, maji yakajaa ndani ya boti. Wavuvi waliwaokoa wengi. Fortunée wangu alionekana siku ya tatu.

Paipu lile nililiacha kavu, nimelifunga kwa mikono yangu. Sasa nani alilifungua? Wiki hiyohiyo nilikuwa nimegombana na Zihindula. Basi siku ya maziko nikamnyooshea kidole palepale makaburini, na vijana wakampiga mpaka mkono ukavunjika. Hakusema neno. Akatoweka mjini.

Miaka miwili baadaye vita vikanikimbiza hadi Dzaleka, na ndiye huyo kwenye foleni.

Watu walituachanisha, lakini amani sikuipata. Bomba la kambini likidondosha tone, nasikia sauti ya mwanangu: "Papa, maji iko inaingia." Naacha kila kitu, nakimbia kulikaza. Wanawake wa bombani walianza kunicheka. Jamani, yasikukute...

Wiki ile nikaitwa Lilongwe, gereji moja ya mtaa wa Biwi. Walikuwa na injini ya boti ya kupelekwa ziwani, na fundi wao hakuzijua injini hizo. Nikabadilisha filta, mazuti yakamwagika kidogo kama kawaida. Paipu la maji halikuwa na kibano cha chuma, nikalifunga kwa kamba ya tyubu ya baiskeli, kama tulivyofunga sote Bukavu. Kama nilivyofunga siku ile ya Fortunée.

Nikaliingiza paipu kwenye pipa la maji, nikawasha. Kavu! Nikaiacha inanguruma, nikaenda mtaa wa Chilinde kula nsima, ugali wa huko.

Niliporudi alasiri, chini ya injini kulikuwa na dimbwi.

Tone. Tone. Tone.

"Papa, maji iko inaingia."

Nikaigusa ile kamba. Ilikuwa imevimba, inateleza kama bamia iliyoiva. Nikanusa vidole vyangu... mazuti. Yale yale niliyoyamwaga asubuhi yalikuwa yameulainisha mpira taratibu, mpaka ukaachia.

Nikakaa humohumo kwenye dimbwi.

Baadaye nikafuta mazuti, nikatafuta kibano cha chuma, nikakaza. Injini ikaacha kuvuja. Kichwani mwangu matone yaliendelea.

Nikadandia gari hadi Dzaleka, moja kwa moja kwa Zihindula. Nikapiga magoti mlangoni pake, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilijuaga," akasema. "Siku ile nilishika kale kampira ndani ya maji. Kalikuwa kanateleza, kananuka mazuti."

Nikainua uso, nikamuuliza:

"Sasa juu ya nini haukusema? Balikuvunja mukono!"

"Sylvain, ulikuwa umesimama kwa kaburi ya mutoto. Mukono yangu ingepona. We ungeambiwa ni mukono yako njo ilimuzamisha... ungepona?"

Nililia pale chini kwa aibu na uchungu, na yeye akanichotea maji ya kunywa. Kikombe alikishika kwa mkono ule uliopinda.

Miaka imepita, nimezeeka. Matone bado nayasikia, na sauti ya mwanangu haijanyamaza. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, una hasira na mtu, unajua kabisa ni yeye...

Kabla hujamnyooshea kidole, kinuse kwanza.